Meli Shambani

Saa nane na robo usiku, Khasab,
simu yangu inaniambia kaka yangu yuko nyumbani.

Si mlangoni. Shambani, nyuma ya zizi,
kati ya mitende mitatu aliyoacha baba
na tangi la maji lenye ufa:
alama nyekundu, umbo la punje ya mchele,
mita mia tatu na thelathini za chuma,
mapipa milioni mbili,
mwendo: sifuri.

Wamevuruga satelaiti tena.
Nani? Wa ng'ambo wanasema ni wa huku,
wa huku wanasema ni wa mbali,
na wa mbali hawasemi, wanaleta manowari.
Meli zote za Hormuz usiku huu
zimepanda nchi kavu kama kaa:
tisa uwanja wa ndege, zimejipanga duara,
moja juu ya jabali
ambalo hata mbuzi wa Shaikha hulikataa,
na ya Yaarubu, fundi wa tatu wa mitambo,
chini ya bendera ya visiwa asivyowahi kuvikanyaga,
imetia nanga juu ya vitunguu vya mama.

Nilikosea kumwonyesha.
Mama hajui ramani. Alitazama kioo,
akatazama dirisha,
akavaa ndara za baba, akachukua tochi.

"Mama, ni uongo wa mitambo."
"Kwani nimesema si uongo?"
Na tochi ikazidi kwenda,
ikimulika shina, ikimulika tangi,
ikipanda taratibu hewani
hadi pale ambapo sitaha ingekuwa.

Huko kwenyewe, kaskazini ya milima yetu,
najua mambo yanavyokwenda, alinisimulia likizo iliyopita
huku akimenya chungwa kwa kisu cha kazi.
Redio inaita: Meli ya mafuta, geuza, uje ukaguliwe.
Redio inaita: Meli ya mafuta, shika njia yako, usigeuze.
Sauti mbili za vijana, alisema, zote zina mafua.
Nahodha anakunywa maji. Hakuna anayemwambia
afanye nini na meli inayohitaji maili tatu
ili kusimama.

Fahali wawili hawakai zizi moja:
wahenga walisema hayo na kunyamaza.
Hawakuliuliza zizi.

Mafuta yana bima. Chombo kina bima.
Kila kombora likipita, bei inapanda
katika miji ambayo watu wake wamelala.
Yaarubu ana kadi ya chanjo,
ana vizibo vya masikio vya manjano,
na yuko chini kabisa, kwenye joto la tanuri,
ubavu wa meli umbali wa mkono,
na nje ya ubavu, giza la maji
ambamo lolote linaweza kuwa linakuja.
Huko chini, alisema, husikii vita.
Unajua tu kwamba wa juu wameacha kutaniana.

Saa kumi kasoro kumi alama ikaruka.
Haikutembea. Iliruka tu,
kutoka mitende hadi katikati ya mlango-bahari,
mwendo: mafundo kumi na nne,
uelekeo: mashariki.
Nikashusha pumzi.
Kisha ikazimika.

Kuzimika kuna maana tatu,
na mbili kati yake ni njema.

Nilimkuta mama amechuchumaa matutani.
Sikumwambia. Nilikuwa nimeificha simu
kama mtoto aliyeficha kikombe kilichovunjika.
Tuta moja lilikuwa limelala, vitunguu vimelazwa
upande mmoja, majani yamepondeka,
udongo umebanwa kama uliobeba mzigo.

"Mbuzi," nikasema.

Akaweka tochi chini. Akapima kwa shubiri:
moja, mbili, akahamisha mkono, akaendelea,
akafika mwisho wa tuta, akaendelea.

"Mbuzi gani," akaniuliza,
"mwenye upana huu?"